Ushahidi wa Muuza Kahawa

Jambo zima liligharimu sentensi nne. Nimezihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na kila mara zinatoka nne. Kahawa nilikuwa nauza, kashata nilikuwa nauza, hata majivu ya jiko langu ningeyauza angetokea wa kuyataka, lakini sentensi zile nilizitoa bure, na cha bure ni ghali. Nimezibeba kutoka Kilwa Masoko mpaka hapa njia panda ya Mingoyo nilipofungua duka, na miaka yote hiyo sikupata wa kumshushia mzigo huo. Mwezi uliopita simu iliita nikiwa napima sukari. Sauti ya mzee ikauliza, "Saidi, bado unahesabu?" Nikaiweka kilo ya mteja chini. Duniani mtu mmoja tu ndiye angeniuliza hivyo, na mtu huyo ndiye niliyekuwa na sababu ya kumkwepa. Alikuwa kaka Amosi. Alikuwa anatoka Mbeya kuja kulitazama kaburi la mkewe kabla magoti hayajamkatalia safari, na alitaka tuongozane.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba kwa Bi Zuhura pale Masoko, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na katikati ukumbi uliopitisha upepo na maneno kwa kiasi kilekile. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa uani anakuombea dua. Mimi nilikuwa natembeza kahawa. Mkono mmoja dele, birika la kahawa la shaba, na jiko lake la makaa, mkono wa pili vikombe vinavyogongana ili watu wajue napita. Nilijua baraza gani wanalipa papo hapo na baraza gani wanalipa kwa salamu. Chumba cha kunielekea kilikuwa wazi, na siku moja kikaingia watu wawili: Amosi, fundi wa mashine za barafu aliyeletwa kuhudumia kiwanda kidogo cha kuwagandishia wavuvi barafu, na mkewe Tabitha, mwembamba, mcheshi, aliyesimama kila baada ya hatua ishirini kama anayetazama mandhari. Baadaye nilijua hakuwa anatazama kitu. Alikuwa anaungoja moyo umfikie.

Bi Zuhura alikuwa na desturi ya kumkaribisha mpangaji kwa kikombe cha kahawa pale ukumbini, na kwake kikombe kile kilikuwa na nguvu kuliko karatasi ya mkataba. Tabitha alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia. "Ahsante mama. Kahawa hatutumii. Wala chai." Bi Zuhura akauliza, "Basi mnakunywa nini, mwanangu, maji ya betri?" "Maji tu, mama. Hata ya moto." Akaletewa maji ya moto katika kikombe kilekile cha kahawa, akayanywa kwa heshima zote huku akipuliza. Lakini jioni uani Bi Zuhura aliniita pembeni. "Saidi, ama tumeletewa wachawi ama tumeletewa malaika. Na wote hao hawafai kupangishwa." Kesho yake alimwuliza Amosi waziwazi. Amosi akajibu kwamba wao ni Wakristo, wanaitwa Wamormoni, kanisa lao la karibu liko Dar es Salaam, na kwa kuwa barabara ya Dar wakati ule ilikuwa matope na kivuko, Jumapili watasali wenyewe chumbani.

Habari hiyo ilitembea mjini haraka kuliko mimi na dele langu. Kwenye baraza mmoja alisema watu hao ndio wale wa Marekani wanaooa wake wengi. Amosi alikuwa anapita na begi lake la spana, akasimama, akasalimia, akaeleza bila hasira: ndoa hizo kanisa lake liliziacha zamani sana, waliokataa kuziacha walijitenga, na hao waliojitenga ndio wanaojiita watu wa msingi. "Sisi si hao," akasema. "Mimi huyu mmoja tu ananitosha, na yeye anasema nimezidi." Watu walicheka. Bi Zuhura, aliyekuwa anasikiliza dirishani, akatia yake: "Marehemu mume wangu alikuwa nao watatu na hakuna aliyemwita mtu wa msingi. Walimwita fukara."

Mimi kilichonishughulisha kilikuwa madebe. Niliwasaidia kuhamisha vyombo, nikayahesabu madebe kumi na moja yaliyoingia chini ya kitanda: mchele, maharage, sukari, chumvi. Nikayahesabu tena mlango ulipokuwa wazi, kumi na moja. Mimi kwa akili yangu ya sokoni nikaona nimekutana na bingwa. Hawa wanangoja Ramadhani, nikajiambia, bei ipande. Nikawaheshimu sana. Ramadhani ikafika pamoja na mvua zisizo na adabu, Rufiji ikafurika, kivuko kikasimama, na malori ya Dar yakawa hadithi. Sukari ikapotea madukani. Nikakaa mlangoni kwangu kutazama mtaji wa jirani unavyozaa. Alasiri Amosi akatoka na debe begani, akalitua mbele ya Bi Zuhura. "Mama, ya futari. Gawa na majirani." Bi Zuhura akauliza anauza bei gani. "Siuzi, mama. Dini yetu inatufundisha tuweke akiba ya siku ya shida. Si ndiyo leo?" Likaja la pili, kisha la tatu la mchele. Nilimsikitikia Amosi kwa jinsi alivyokosa akili ya biashara. Usiku ule nilikula uji wa sukari yake bakuli mbili, na la pili halikushuka vizuri.

Siku zile Tabitha alikuwa hatoki tena nje ya uani. Miguu ilivimba, daktari alisema ni moyo, na dawa zilimpunguzia kiasi cha kutosha kuketi. Aliketi kwenye kigoda karibu na jiko langu, akichagua mchele kwenye ungo, mimi nikikaanga buni na kutwanga. Alipenda harufu. Alikuwa akifumba macho buni zikianza kupasuka. "Shemeji," nilimwuliza, "harufu haikukatazwa?" "Harufu bado hawajaikumbuka," akasema. "Usiwaambie." Nikaanza kumpikia kikombe chake mbali, tangawizi na mdalasini na maji, katika kibirika ambacho hakikuwahi kuonja kahawa. Kila alasiri kabla sijatoka kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Ni vikombe pekee katika maisha yangu nilivyovitoa bila kuvihesabu. Nilivihesabu baadaye, alipokwisha kuondoka, na sikupata jibu.

Alasiri moja akaniuliza, "Hapa kwenu mtu akizikwa anaimbiwa?" Nikamwambia sisi Waislamu hatuimbi, tunasoma. Akatikisa kichwa. "Kwetu wanaimba mpaka kaburi linajaa. Mimi nataka waimbe, Saidi. Nikizikwa kimya nitadhani watu wamenisahau kabla hawajafika nyumbani." Alisema kama mtu anayeagiza nyanya. Ukutani, upande wa pili, Amosi alisikia, maana nyumba ile haikuficha kitu, na wiki ileile akaandika barua. Wakristo wa Masoko wakati ule walikuwa wachache, wengi wao walimu, wauguzi na watumishi waliotoka bara, kila mmoja na dhehebu lake. Kwa kuwa hakuna dhehebu lililokuwa na watu wa kutosha kubeba jeneza, walikuwa wameunda umoja mmoja wa kuzikana. Mwanachama akifiwa, wote wanakuja, wanachimba, wanapika, wanaimba. Kwa Amosi na Tabitha, ambao ndugu zao walikuwa ng'ambo ya mito iliyofurika, hapakuwa na kwaya nyingine.

Umoja ulikaa darasani, Jumamosi, kulijadili ombi la Amosi la kuingizwa yeye na mkewe. Mwenyekiti alikuwa Mama Mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyewazalisha nusu ya watoto wa mji bila kuuliza dini zao. Katibu alikuwa Mwalimu Kasiano, mtu wa vitabu, aliyeandika kila neno kwenye daftari gumu. Niliitwa kupeleka kahawa, vikombe kumi na vinne. Wakati namimina nikawasikia. Kasiano alikuwa na hoja mbili, na kusema kweli hazikuwa za mtu mjinga. Kwanza, watu hawa wana kitabu kingine pamoja na Biblia na wanasema Mungu bado anatuma manabii, kwa hiyo ni vigumu kuwaita Wakristo. Pili, ni watu wa msimamo mkali, wa siasa kali hasa, na umoja ukiingiza siasa kali utavunjika. Mama Mkunga akapuliza kahawa yake. "Mwalimu, wale wenye msimamo mkali wa Kikristo si ndio wanaosema Biblia peke yake, usiongeze nukta?" "Ndio." "Na hao wanawakubali hawa?" "Hata kidogo." "Basi mtu aliyefukuzwa na wakali utamwitaje mkali? Chagua shtaka moja, yote mawili hayapandi mtumbwi mmoja." Watu wakacheka, Kasiano naye akacheka kidogo, lakini akasema ukali hauko kwenye kitabu tu, uko kwenye kuishi. Mama Mkunga akageuka, akaniona na dele mkononi. "Huyu ni jirani yao, anaishi nao mlango kwa mlango. Saidi, mwanangu, tuambie hawa watu wanaishije."

Sikuwahi kuulizwa kitu na watu kumi na wanne kwa pamoja. Nikaliweka dele chini. Nikafikiri, leo nitawapandishia bei majirani zangu mpaka waonekane dhahabu. Nikasema: "Kahawa yangu hawajaigusa hata siku moja. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanafunga, hata maji hawanywi. Amosi anatoa fungu la kumi kabla hajanunua unga. Hawa dini wameishika."

Kwetu sisi, ukitaka kumsifu mtu mpaka mwisho, hiyo ndiyo sifa. Mtu aliyeishika dini unampa binti, unamwachia duka, unamfuata kwenye sala. Sikujua kwamba katika soko lile bidhaa niliyokuwa nainadi ndiyo waliyokuwa wanaiogopa. Nilisikia kalamu ya Kasiano inakwaruza karatasi, kisha akainua kichwa na kusema kwa upole, kama anayemhurumia mtu, "Mwenyekiti, umesikia. Hata Waislamu wanawaona ni wakali." Kura za mikono zikapigwa. Nilihesabu mara mbili: saba walikataa, sita walikubali, na mmoja alikuwa ananywa kahawa. Amosi aliandikiwa kwamba ombi lake bado linafikiriwa. Mama Mkunga alinirudishia kikombe chake bila kunitazama, na hakikuwa na hata tone, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Nimelifikiria neno lile, mkali, miaka yote hii kuliko walivyolifikiria waliolisema. Siku hizi sisi wa pwani tunalijua kwa ndani. Kijana akifuga ndevu na kukata kanzu juu ya kifundo, stendi ya basi anaulizwa maswali mawili zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo nimejitengenezea mizani yangu, ya muuza duka, si ya mwanachuoni. Kama mkali wa dini ni yule anayesema maneno yalikwisha, mlango umefungwa, Wamormoni si hao, maana kwao mlango uko wazi mno hata Wakristo wenzao wanaona baridi. Kama mkali ni yule anayelinyima tumbo lake, basi wamo, na sisi tumo, na Bi Zuhura na funga zake za sunna za Jumatatu na Alhamisi ndiye kiongozi wetu sote. Lakini ukali wa mtu kwa tumbo lake na ukali wa mtu kwa jirani yake hauwekwi kwenye sahani moja ya mizani. Amosi alikuwa mkali kwa kikombe. Kwangu mimi hakuwahi kuwa mkali, hata nilipostahili. Haya nayasema sasa. Siku ile darasani yangekuwa na bei.

Sikumwambia Amosi. Kila alasiri Tabitha aliniuliza, "Wamejibu?" na mimi nilijibu, "Bado wanafikiri, shemeji," nikimpa kikombe cha tangawizi. Uongo ule nilimpa wa moto kila siku. Masika yalipofika hakuweza tena kukaa kwenye kigoda, nikawa napeleka kikombe mpaka mlangoni, Amosi akakipokea, na sauti yake ikaja kutoka kitandani, "Saidi, wamejibu?" Siku mbili za mwisho hakuuliza. Nilisimama pale mlangoni nikingoja swali, halikuja. Nikadhani amechoka kuuliza. Alifariki asubuhi ya siku ya soko, mvua ikinyesha, barabara ya Dar imekatika tena.

Bi Zuhura alifunga kanga kiunoni kabla Amosi hajamaliza sentensi. "Maiti wa nyumbani kwangu hangoji kikao," akasema, akanituma kwa Mama Mkunga, na wao wawili wakamwosha na kumvisha, mlango umefungwa, mmoja akisema bismillahi na mwingine akisema jina la Yesu. Sisi vijana wa mtaa tukachukua majembe, tukaenda makaburi ya Wakristo. Wote tulikuwa Waislamu na wote tulikuwa tumeshachimba makaburi, ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali. Tulichimba kwa mikono iliyozoea: jembamba, na chini ubavuni tukachonga mwanandani, kile kishimo cha kumlaza maiti ndani ya sanda, akielekea Kibla. Tulilisifu kabisa. Jeneza likafika, likagoma. Halikuingia kwa urefu, halikuingia kwa upana, na mwanandani ulikuwa umekaa pale ubavuni kama mfuko wa suruali usio na kazi. Tukatazamana, mvua inatupiga. Amosi akalitazama kaburi, akatutazama sisi, mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa analia na anacheka. "Tabitha angelipenda hili," akasema. "Mmemwekea na baraza."

Tukaanza upya kupanua. Ndipo nilipoona mtu anavua viatu pembeni yangu, akavipanga, akakunja suruali. Mwalimu Kasiano. Aliomba jembe langu kwa kidole tu. Nyuma yake wakaja wengine wa umoja, mmoja mmoja, kila mtu kama aliyepita njia. Niliwahesabu. Kumi na watatu, na kati yao wote saba waliokuwa wamekataa. Wa kumi na nne, Mama Mkunga, alikuwa ameshafika na jeneza. Amosi alilibariki kaburi mwenyewe kwa sala fupi, kama kanisa lake linavyofanya, kisha pakawa kimya. Kimya kile nilikiogopa kuliko maiti. Halafu Mama Mkunga akaanzisha wimbo, kwa sauti ileile ya wodini, wakampokea, wakaimba mpaka kaburi likajaa. Mimi nilishika jembe nikitazama chini. Waliimba vizuri sana, na kwangu hilo lilizidisha, kwa sababu aliyeagiza aliondoka bila kujua kwamba mzigo wake utafika. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Wiki iliyopita nilifunga duka siku mbili, nikampokea kaka Amosi pale njia panda, tukapanda basi mpaka Masoko. Ndevu nyeupe, fimbo, na chupa ya maji. Bi Zuhura na Mama Mkunga wote wameshatangulia, Mwalimu alihamishwa zamani. Kaburi hatukulitafuta. Ni pana kuliko yote, kosa letu linaonekana mpaka leo, na mkorosho umeota karibu. Tukang'oa majani. Nikampa chai ya tangawizi niliyoibeba kwenye chupa, nikamwambia haina majani ya chai. "Najua," akasema, "mkono wako naukumbuka." Nikaona sasa au sipati tena. Nikamwambia yote: darasa, vikombe kumi na vinne, Mama Mkunga alivyoniuliza, mimi nilivyojibu. Nikazisema sentensi zenyewe, moja, mbili, tatu, nne. Nikamwambia Tabitha alikufa akingoja jibu kwa sababu ya mdomo wangu, na kwamba sijui mtu analipaje kitu kama hicho.

Alikunywa mpaka nusu ya kikombe. "Mwalimu Kasiano alikuja kwetu siku mbili kabla Tabitha hajafa," akasema. "Wewe ulikuwa umetoka na dele. Alikuwa hapati usingizi tangu kikao, akaja na daftari lake, akatusomea kila kitu, akamwambia Tabitha kwamba hata kama umoja umekataa, yeye na mkewe watakuja kuimba wawili. Sentensi zako zilikuwa mle, zote nne, kwa wino mwekundu."

Nilikumbuka siku mbili zile mlangoni, kikombe mkononi, swali lisilokuja.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Aliniambia nilichukue daftari, nizisome tena. Nikasoma tena. Akasema, kumbe Saidi alikuwa anatuhesabu siku zote. Akalala vizuri."

Upepo ulikuwa unasukuma majani makavu ya mkorosho juu ya saruji, naye akayaondoa kwa fimbo, moja moja.

"Kwa hiyo hunidai," nikasema.

"Nakudai sana. Tangu siku ile mimi nimesemwa mengi. Nimeitwa si Mkristo, nimeitwa mkali, juzi mjukuu wa dada yangu ameniuliza kama ni kweli sisi tuna pembe. Hakuna aliyewahi kunisema vizuri kama wewe darasani, na mimi sikuwepo kusikia. Basi nilipe hivi. Ukipata habari kwamba nimekufa, uje Mbeya, usimame mbele ya watu, uzirudie."

Nikajaribu kupunguza, maana mimi ni mimi. "Ya kahawa tuiache, kaka. Siku hizi siuzi kahawa, hawatanielewa. Tatu zinatosha."

"Nne, Saidi," akasema, akinirudishia kikombe. "Na uje kulipa mwenyewe. Usitume mtu."